Hofu Inayofaa na Hofu Inayopotea: Wasomaji Wanasemaje juu ya Pet Sematary?



Msomaji wa kwanza kuikataa riwaya ya Pet Sematary alikuwa mwandishi wake mwenyewe. Stephen King, Mmarekani aliyejipatia jina duniani kwa kuwatia watu hofu, aliimaliza, akaiona imekwenda mbali mno, akaifungia kwenye droo. Ilitoka mwaka 1983 kwa sababu alikuwa bado anadaiwa kitabu na kampuni ya uchapishaji ya Doubleday. Tangu wakati huo amesema zaidi ya mara moja kwamba katika vitabu vyote alivyoandika, hiki ndicho kilichomtisha yeye.

Zaidi ya miaka 40 imepita. Riwaya imetengenezwa filamu mara mbili, mwaka 1989 na mwaka 2019, na leo imo katika simu za wanafunzi wengi wa vyuo vyetu, na nakala zake za mitumba huuzwa kando ya barabara. Na wasomaji bado hawajakubaliana. Mmoja atakwambia ni kitabu cha kishetani, Muislamu asikiguse. Mwingine atakucheka: hadithi tu hiyo, mbona mnaikuza? Wa tatu atasema hakuweza kuimaliza kwa sababu inauma, si kwa sababu inatisha. Na wa nne atasema kwamba hakuna kitabu kilichomwambia ukweli juu ya msiba kama hicho.

Ndugu msomaji, makala hii haikupi fatwa. Fatwa ina wenyewe. Ninachotaka tukitazame ni swali lililo nyuma ya maoni hayo yote: hofu tunayoipata ndani ya hadithi ya kubuni inatufaa, inatudhuru, au inapita tu kama upepo? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu hofu ni amana. Mtu huonekana alivyo kwa kile anachokiogopa.

Kisa chenyewe

Nitakisimulia kisa mpaka mwisho, kwani bila mwisho wake hatuwezi kukipima.

Louis Creed ni daktari. Anahama Chicago pamoja na mkewe Rachel, binti yao Ellie, mtoto wao mdogo wa kiume Gage, na paka wa Ellie aitwaye Church. Wanakwenda kukaa katika mji mdogo wa jimbo la Maine, ambako Louis amepewa kazi ya kusimamia zahanati ya chuo kikuu. Mbele ya nyumba yao ipo barabara inayopita malori makubwa mchana na usiku. Nyuma ya nyumba, msituni, yapo makaburi ambayo watoto wa mtaa huzikia wanyama wao waliogongwa barabarani. Kibao chake kiliandikwa na mkono wa mtoto asiyejua tahajia, na kosa hilo ndilo jina la kitabu. Kupita makaburi hayo, mbali zaidi, ipo ardhi nyingine ya kuzikia, ya kale. Anayezikwa humo hurudi.

Paka anagongwa. Mzee jirani, Jud Crandall, anampeleka Louis katika ile ardhi ya kale ili binti asipate huzuni. Paka anarudi, lakini ananuka udongo na ana ukatili ambao hakuwa nao. Kisha lori linamuua Gage, mtoto wa kama miaka miwili. Baba yake anamfukua usiku na kumpeleka kule kule. Kinachorudi kinavaa mwili wa Gage, lakini si Gage. Kinamuua mzee Jud, kinamuua Rachel. Louis anamaliza alichokileta kwa mkono wake mwenyewe, halafu, akiwa ameona yote hayo kwa macho yake, anambeba mkewe na kumpeleka kwenye ardhi ile ile. Kitabu kinaishia hapo, na mkewe anarudi.

Hadithi hii haikutoka hewani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 King alikwenda kufundisha kwa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Maine, akapanga nyumba huko Orrington kando ya barabara ya malori. Watoto wa hapo walikuwa na makaburi ya wanyama msituni. Paka wa binti yake aligongwa na kuzikwa humo. Na mtoto wake mdogo wa kiume alikimbilia barabarani siku moja lori likija, akanusurika kidogo tu. Riwaya nzima ni jibu la swali ambalo mzazi yeyote angelisukumilia mbali: na kama asingenusurika?

Oni la kwanza: ni ushirikina

Wanaosema hivi wana hoja, na si sahihi kuwadharau kama watu wasiosoma. Anayehuisha na kufisha ni Allah (S.W.) peke yake. Kitabu kinachosema kwamba udongo fulani unaweza kumrudisha maiti, na kwamba kuna pepo wa msituni mwenye nguvu hizo, kinatia nini katika kichwa cha kijana?

Lakini kusimulia ubaya na kuuitia watu ni mambo mawili. Qur'ani yenyewe inatusimulia wachawi wa Firauni, hila za nduguze Yusuf, na jeuri ya Qarun. Katika Suratul Baqara, aya ya 102, imo habari ya Harut na Marut, ambao hawakumfundisha mtu jambo lolote la sihiri bila kwanza kumwonya kwamba wao ni mtihani na asikufuru. Watu walionywa, wakachukua hata hivyo, wakajifunza yanayowadhuru wala hayawafai. Kinachopimwa ni mahali kisa kinapomwacha msikilizaji: je, anatoka akiutamani ule uchawi, au anatoka akiuchukia?

Katika Pet Sematary hakuna hata mmoja aliyefaidika na ile ardhi. Na tazama jambo jingine. Suratul Muuminun, aya ya 99 na ya 100, inatueleza kwamba aliyekufa huomba arudishwe, wala harudishwi, na kwamba mbele yao ipo barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Katika riwaya hii pia Gage harudi. Kinachorudi ni kitu kingine kilichoukuta mwili wake wazi. Sidai kwamba King aliandika akida. Yeye hana habari na akida yetu. Nasema tu kwamba anayekisoma kitabu mpaka mwisho hatoki akiamini kuwa wafu wanarudishika. Anatoka akiamini kwamba ule mlango umefungwa kwa rehema.

Oni la pili: ni hadithi tu

Oni hili ndilo linalopendwa zaidi chuoni, na kwangu mimi ndilo dhaifu zaidi. Anayelisema hujiona mtu wa akili asiyetishwa na maneno. Lakini mwulize amelala vipi usiku aliomaliza sura za mwisho. Wengi watakiri kwamba hawakuzima taa. Kitu kinachokuzuia kuzima taa hakiwezi kuwa "tu". Kimekugusa, na linalobaki ni kujua kimekugusa wapi.

Hapa tuna mwalimu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihyaa kitabu kizima juu ya hofu na matumaini. Anaieleza hofu kuwa ni kiboko ambacho kwacho waja husukumwa kwenye elimu na amali. Na kiboko, anatufahamisha, kina hali tatu. Kipo kilicho laini mno: mtu anasikia aya, macho yanalowa, na ikishapita sauti ile moyo unarudi katika mghafala wake kana kwamba hapakutokea kitu. Kipo kilichozidi: kinampiga mnyama mpaka anavunjika mguu, na mtu wa namna hii hofu humfikisha kwenye ugonjwa na kukata tamaa. Na kipo cha wastani, ambacho kinamfanya mtu aache jambo au atende jambo. Kwa Ghazali, mwenye hofu si yule anayelia na kufuta machozi. Ni yule anayeacha lile analoliogopea adhabu yake.

Ghazali alikuwa akizungumzia kumwogopa Allah, si riwaya za kutisha. Hata hivyo kipimo chake kinatosha kupimia maoni ya wasomaji wetu. Msomaji wa "hadithi tu" ndiye wa kiboko laini: moyo ulimdunda, alifurahi kudundwa, kesho anatafuta kitabu kingine kimdunde zaidi. Hofu yake imekuwa kama pilipili ya kwenye chipsi. Msomaji wa kiboko kilichozidi naye yupo, na tunamfahamu: kwa wiki nzima hawezi kwenda chooni usiku, kila paka mweusi ni jini, kila mlango unaolia ni maiti. Suratu Aal Imran, aya ya 175, inatukumbusha kwamba shetani ndiye anayewatisha watu kwa marafiki zake, nasi tumekatazwa kuwaogopa hao. Kwa msomaji wa aina hii ushauri ni mwepesi: kiweke kitabu chini. Hakuna sunna ya kujitesa.

Je, yupo msomaji wa kiboko cha wastani? Ni jambo gani katika kitabu hiki ambalo mtu anaweza kuliogopa kwa faida? Ili tulijibu hilo, tuwasikilize wale wawili waliobaki.

Oni la tatu na la nne: inauma

Wapo wanaosema King alivuka mpaka. Kifo cha mtoto mchanga si mchezo wa kuuzia vitabu. Mama aliyemzika mwanawe hawezi kuzisoma sura za katikati, na asilazimishwe. Mwandishi mwenyewe alikuwa wa upande huu, ndiyo maana ile droo ilifungwa. Hili ni oni la watu wenye huruma, nami naliheshimu kuliko yote.

Lakini wapo wafiwa wengine ambao wamesoma sura hizo hizo na kuziona za kweli. Wanataja ugomvi uliozuka kwenye mazishi, baba na babamkwe wakirushiana ngumi mbele ya jeneza dogo. Wanataja jinsi watu wanavyokuja na maneno yasiyo na maana. Na zaidi ya yote wanataja sura moja ambayo haina jini wala maiti ndani yake. Katika sura hiyo Louis anamkimbilia mwanawe, anaunyoosha mkono, anaushika ukosi wa koti lake na kumvuta. Mtoto anaokoka. Anakua, anakwenda shule, anakuwa muogeleaji, anashinda kwenye Olimpiki. Kisha Louis anaamka, na mtoto ni yule yule aliyezikwa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kitabu kinapotisha kweli. Kaburi la Gage halikufunguliwa na sepeto. Lilifunguliwa na neno moja: lau. Lau ningekimbia haraka zaidi. Lau tusingehamia hapa. Mtume wetu (S.A.W.) alitutahadharisha, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba likitupata jambo tusiseme lau ningefanya hivi ingekuwa vile, kwa sababu neno hilo hufungua kazi ya shetani. Wengi wetu tumeihifadhi hadithi hii tangu madrasa na tumeichukua kama adabu ya ulimi. Riwaya hii, iliyoandikwa na mtu asiyeijua, inaonesha kurasa kwa kurasa kazi hiyo ya shetani ni ipi. Lau inakuwa ndoto. Ndoto inakuwa mpango. Mpango unatafuta kamba, tochi na sepeto.

Na mtazame anayeyafanya haya. Mwanzoni mwa kitabu, Louis ndiye mtu mwenye akili timamu kuliko wote nyumbani. Yeye na mkewe wanagombana kwa sababu binti yao ameuliza kuhusu kifo. Louis anataka aambiwe ukweli: kifo ni sehemu ya maisha. Rachel hataki hata neno hilo litajwe, kwani alipokuwa mdogo dada yake aliugua kwa muda mrefu, akafichwa katika chumba cha nyuma, akafa mikononi mwa mtoto asiyejua la kufanya. Sisi wasomaji tunakuwa upande wa daktari. Na daktari ndiye anayeshindwa.

Ndugu zangu mnaosomea udaktari, uuguzi na sayansi, na hata sisi tunaosoma fiqhi ya janaza, hili ni letu. Elimu ya kifo ni kitu kimoja, na subira juu ya kifo ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwafundisha wengine hukumu zote za mirathi na kuosha maiti, kisha simu ikamfikia usiku na asijue hata jina lake. Mtume (S.A.W.) alipompita mwanamke aliyekuwa akilia kaburini, alimfahamisha baadaye kwamba subira ni ile ya pigo la kwanza. Pigo la kwanza halingoji ufungue daftari.

Wala subira si kukauka macho. Mwanawe Mtume, Ibrahim, alipokuwa akikata roho, yeye mwenyewe (S.A.W.) alitokwa na machozi, na alipoulizwa akaeleza kwamba hiyo ni rehema: jicho hulia, moyo huhuzunika, ulimi ndio unaochungwa usiseme la kumchukiza Mola. Nyumba ya Rachel ilikosa machozi. Nyumba ya Louis ilikosa kusalimu amri. Baina ya mapengo hayo mawili ndipo alipopita yule pepo.

Ardhi ile iko karibu nasi

Msomaji anaweza kusema: haya ni ya Maine, sisi hapa Uganda hatuna ardhi ya kufufua wafu. Ni kweli. Lakini tunayo mabango. Panda taksi kutoka Kampala kwenda upande wowote utayaona, na usipoyaona barabarani utayasikia redioni: mganga anarudisha mume aliyeondoka, mali iliyopotea, kazi iliyokwenda. Neno ni lile lile: kurudisha. Na bei nayo hupanda hatua kwa hatua, kama ilivyopanda kwa Louis. Leo ni kuku. Kesho ni mbuzi. Wapo waliofikishwa kwa mtoto wa jirani. Mwaka 2021 Uganda ilitunga sheria maalumu ya kuzuia na kupiga marufuku kafara ya binadamu. Nchi haitungi sheria ya namna hiyo kwa ajili ya hadithi za kubuni.

Angalia jinsi riwaya inavyoieleza safari hiyo, kwa sababu ni sahihi mno. Haikuanza na ubaya. Ilianza na wema. Louis aliyaokoa maisha ya mke wa mzee Jud alipopatwa na ugonjwa wa moyo, na Jud alitaka kulipa fadhila: asimwache binti alie kwa ajili ya paka. Huruma ndogo, siri ndogo. Alipokufa Gage, njia ilikuwa imeshafyekwa. Halafu ukaja mwisho, ambao ni wa kutisha kuliko maiti yoyote: Louis anajiambia kwamba kosa la mara ya kwanza lilikuwa kuchelewa, na kwamba safari hii mkewe amekufa sasa hivi tu, basi atarudi sawasawa. Akili yake haikuzimika. Inafanya kazi vizuri sana, ila imeajiriwa na matamanio.

Mwanafunzi aliyefeli mtihani mara mbili naye ana akili. Dada aliyeachwa na mchumba ana akili. Wanapokwenda kwa mganga "kujaribu tu", hawaendi kwa sababu ni wajinga. Wanakwenda kwa sababu kuna jambo limekwishapita nao hawako tayari liwe limepita. Suratul Jinn, aya ya 6, inazungumzia watu waliotaka kinga kwa majini, na hilo halikuwaongezea ila dhiki. Nikipima Pet Sematary kwa kipimo cha Ghazali, hofu yake inayofaa ni hii: kuuogopa mkono wako mwenyewe siku utakaposhindwa kukubali. Ukitoka kitabuni ukiwaogopa wafu, umepoteza muda. Ukitoka ukiiogopa ile lau iliyo kifuani mwako, umepata kitu.

Pale kitabu kinapokosea

Uadilifu unataka tuseme na lililo dhidi yake. Riwaya inauweka uovu wake katika ardhi ya kuzikia ya watu wa asili, Wamicmac, ambao leo jina lao huandikwa Mi'kmaq. Watu hao wapo hai, mashariki ya Canada na huko huko Maine. Kitabu kinajitetea kwa kusema kwamba hata wao waliikimbia ardhi hiyo ilipoharibika. Utetezi huo hautoshi. Matokeo yake ni kwamba makaburi ya babu zao yamekuwa chanzo cha jinamizi la mzungu aliyehamia, na hakuna hata mmoja wao anayepewa nafasi ya maana kusema lake.

Sisi tunaijua dhuluma hii. Ni mara ngapi tumesoma vitabu ambamo msitu wetu, ngoma yetu na wazee wetu ni mapambo ya giza la mtu mwingine? Na mara ngapi maneno ya Kiarabu ya sala zetu yanawekwa katika filamu ili mtazamaji wa mbali ajue kwamba hatari imekaribia? Asiyependa kufanyiwa hivyo asikubali wengine wafanyiwe. Uovu wa Louis haukuhitaji makaburi ya mtu. Ulitoka Chicago pamoja naye.

Tutoeje maoni yetu?

Kwanza, tusihukumu tusichokisoma. Anayesema kitabu ni cha kishetani kwa sababu ya picha ya paka kwenye jalada ametoa ushahidi wa jambo asilolishuhudia, nasi katika dini yetu tunajua uzito wa ushahidi.

Pili, tusijifiche nyuma ya "ni hadithi tu". Tuulizane: ilikutisha wapi? Jibu la swali hilo linasema mengi juu ya msomaji kuliko juu ya kitabu. Mazungumzo ya namna hiyo, baina ya marafiki baada ya Isha, yanaweza kuwa na manufaa kuliko mihadhara kadhaa.

Tatu, tumchunge mwenye msiba. Ikiwa mwenzako wa chumba amemzika mdogo wake muhula huu, usimpe kitabu hiki ukidhani unamliwaza. Mpikie chai. Kaa naye. Akitaka kulia, mwache alie. Akianza kusema lau, usimkemee, mshike mkono tu mpaka neno lipite.

Na nne, tusingoje riwaya ya kutisha ndiyo itufundishe kifo. Sisi tumepewa njia iliyo bora. Humwosha maiti wetu kwa mikono yetu. Humvisha sanda isiyo na mifuko. Humbeba mabegani, kwa zamu, na kila mmoja hutia mikono mitatu ya udongo. Udongo huo una kazi yake. Unauambia mwili wako jambo ambalo masikio hayataki kulisikia: amekwenda, nawe umeshiriki kumsindikiza. Louis Creed alisimama kando ya kaburi la mwanawe na hakutia hata konzi moja. Alirudi usiku na sepeto kutoa kile ambacho hakuwahi kukiweka.

Basi safari ijayo ukisikia kuna janaza msikitini, hata ya mtu usiyemjua, fuata jeneza mpaka makaburini, inama, utie mikono yako mitatu. Uizoeshe mikono hiyo mapema.

Wabillahi tawfiq.